Jicho na Winga wa Nakapanya

Kijana aliyekuwa akikimbia pembeni mwa uwanja alikuwa amenyoa kiduku akakipaka rangi ya chungwa. Njumu ya kulia ilikuwa ya kijani, ya kushoto ya waridi, na kila alipopata mpira alitazama kwanza kule alikosimama rafiki yake mwenye simu. Beki alimjia. Kijana akaukanyaga mpira, akazunguka, akazunguka tena, mpira ukabaki nyuma yake, beki akauchukua akaondoka nao kwa amani kabisa. Kijana akacheka, akainama kutengeneza soksi.

Crispin Mbawala alitema mate.

"Huyo ndiye winga?" aliuliza.

"Ndiye huyo," alijibu Mwenyekiti Aidan. "Clinton, mtoto wa dada yangu. Klipu zake si nilikutumia?"

Klipu alizitumiwa, tena zenye muziki. Ndani yake Clinton anapiga danadana uani kwao, anampiga tobo mtoto wa darasa la tatu, kisha anabusu beji ya jezi aliyoinunua sokoni. Hakukuwa na hata moja yenye beki mtu mzima, mwenye njaa na hasira zake. Crispin alizitazama hadi mwisho, halafu akaenda kunawa mikono. Mkewe Epifania alimuuliza ameshika nini kichafu. Akasema, simu.

Sasa, pale Msamala, Songea, ukimuulizia Crispin Mbawala utaulizwa yupi, yule fundi vitanda au Jicho. Ni mtu huyohuyo mmoja. Asubuhi anaranda mbao kwenye banda lake nyuma ya nyumba, mchana anabisha na wateja wanaotaka kitanda cha mninga kwa bei ya mkaratusi, na jioni huchukua kigoda chake cha kukunja, alichokitengeneza mwenyewe, akaenda kutazama watu wanacheza mpira. Ujanani alikuwa namba mbili, beki wa kulia, mpaka namba kumi na moja mmoja mwenye mbio za kishetani alipomzungusha goti likabaki linatazama upande mwingine. Tangu hapo aliwajua mawinga kama panya anavyomjua paka. Nyuki Rangers, timu yetu ya ligi ya mkoa, ikampa kazi ya kuichagulia wachezaji, na jina la Jicho likamganda.

Alikuwa na utaratibu wake, na aliujivunia kuliko vitanda vyake vyote. Hakumtazama mchezaji akiwa na mpira. "Akiwa na mpira kila mtu ni mwema," alisema. "Anajua anatazamwa. Mtazame akiwa hana. Hapo ndipo utamjua ni mtu wa namna gani." Kwa hiyo mpira ulipokuwa kulia, Jicho alikuwa ameelekeza shingo kushoto, na wageni uwanjani walidhani ana kasoro ya macho.

Klabu nayo ilikuwa na desturi yake. Mchezaji mpya hatangazwi kwa karatasi. Siku ya mkutano wa wanachama, Jicho humshika mkono, humsimamisha mbele za watu, na kusema maneno mawili: "Huyu nimemwona." Basi. Baada ya hapo akiwa mbovu, watu hawamtukani mchezaji. Wanakwenda bandani kwa Crispin wanamtukana yeye, tena wakati anapima mbao. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kwenda kumtukana. Ilikuwa ndiyo heshima yake mjini, hana nyingine.

Na sasa heshima hiyo ilikuwa imeshikwa kooni. Winga wa kushoto wa Nyuki alikuwa amehamia Mbeya, dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Jumamosi, na mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa. Mwenyekiti Aidan alikuwa amekwisha kusema mbele ya kamati nzima: Crispin akileta winga mwingine kabla ya Jumamosi, sawa, asipoleta, anasajiliwa Clinton, na Crispin atamshika mkono kama kawaida.

"Nimshike mkono yule?" Crispin alimwambia mkewe usiku wa siku hiyo, ugali umempoa mbele yake. "Yule mwenye kichwa cha chungwa? Mimi?"

"Kwani mkono wake una upele?" Epifania aliuliza.

"Wajomba, mama Leo! Wajomba wameua mpira wa mkoa huu. Kijana hajui hata kukimbia bila kutazama kivuli chake, lakini ana mjomba, basi anapita. Khaa! Kinyaa kitupu." Akageuka atafute pa kutema.

"Baba Leo, nje huko. Kwa mate yako humu ndani hata kuku wameanza kuchagua njia."

Winga mwenyewe alimpata Mshangano, tena kwa bahati tu. Kulikuwa na ndondo, yale mashindano ya mtaani yanayokuja watu wakishavuna mahindi, na zawadi ilikuwa mbuzi aliyefungwa kwenye mlingoti wa goli akila nyavu. Crispin alikwenda huku amekunja uso. Vumbi jekundu, baridi ya Julai inakata masikio, spika moja inapiga kelele, na wachezaji nusu yao wananuka pombe ya komoni. Alimwona kipa akivuta sigara langoni. Alimwona refa akipokea muhindi wa kuchoma huku mchezo unaendelea. Alikuwa amekwisha kukunja kigoda arudi zake nyumbani, roho imemchafuka, ndipo akamwona kijana mwembamba, mweusi tii, amesimama upande wa kushoto kabisa, mguu mmoja nje ya mstari.

Hakuwa na mpira, na hicho ndicho kilichomkalisha Crispin tena.

Kijana alikuwa anageuza shingo. Mpira upo mbali, lakini yeye anatazama nyuma ya bega lake, anamtazama beki, anatazama nafasi, anarudi kutazama mpira. Mabeki wakisogea ndani, yeye anatoka nje zaidi mpaka karibu akanyage watazamaji. Timu yake ikipoteza mpira, hainui mikono juu kulaumu wenzake, anashuka. Anashuka mpaka kwao kabisa, anamkaba mtu, kisha anapanda tena kama hakuna kilichotokea. Mwenzake alipokosa goli la wazi na wote wakamtukana, yeye alimfuata akamvuta masikio kwa utani, wakacheka.

Halafu mpira ukamfika. Crispin alivunja utaratibu wake, akatazama. Kijana hakukimbia. Alipunguza mwendo mpaka beki naye akapunguza, akasimama karibu kabisa, beki naye akasimama, wakawa kama watu wawili wanaosalimiana njiani. Kisha akaondoka. Beki aliyebaki pale Crispin alimwonea huruma ya ndugu. Goti lake mwenyewe lilishtuka. Krosi ikaja chini chini, ngumu, mtu akaigusa tu.

"Mama yangu," alisema Crispin, na hakutema kitu.

Alikuwa na kasoro, usidhani. Mguu wa kulia ulikuwa wa kusimamia tu, kichwa alikitumia kwa kofia. Lakini hizo ni mbao za kuranda. Mti wenyewe ulikuwa mninga.

Aliitwa Majidi, kijana wa Nakapanya, kule ng'ambo ya Tunduru. Alikuwa amekuja Mshangano na baba yake kwa ndugu, kwenye harusi, na ndugu wakamwazimisha kwa timu ya mtaa wao. Crispin aliomba aje Jumatano uwanjani Msamala acheze na Nyuki, mwenyekiti na kamati wamwone. Baba yake, Mzee Rajabu, mtu wa kanzu safi na koti, alikubali palepale. "Inshallah, tutakuja," alisema, na akashika mkono wa Crispin kwa mikono miwili. Crispin akafurahi. Huyu sasa ni mzazi, alijisemea, hana mambo mengi.

Jumatano ikafika. Crispin alimwekea Mzee Rajabu kiti, si kigoda, kiti cha kuegemea alichokibeba kutoka bandani, na akamnunulia soda baridi. Aidan alikuwapo, amenuna. Clinton alikuwapo pia, anajinyoosha misuli mbele ya simu. Mchezo ukaanza, na katika kipindi cha kwanza Majidi alimfanyia beki wa Nyuki mambo mpaka hata Aidan akasahau kununa. "Lo!" alisema mwenyekiti mara moja, kisha akajikohoza.

Ndipo alipotokea yule mtu.

Alikuwa kijana-kijana, miaka thelathini na kitu, amevaa jezi ya timu ya Ulaya iliyochanika kwapani, kandambili moja ya bluu na nyingine nyekundu, na mkononi kipande cha muwa. Alinuka jasho la safari na samaki wakavu. Akaja moja kwa moja akasimama kati ya Crispin na kiti cha Mzee Rajabu, akang'ata muwa, akatafuna, akatema makapi. Yakaangukia karibu na kiatu cha Crispin.

Crispin aliyatazama makapi yale. Nyani haoni kundule: mtu ambaye ametia mate kila kona ya Msamala alivuta kiatu chake pembeni kwa kinyaa.

"Habari za hapa," alisema yule mtu. "Wewe ndiye Jicho?"

"Sema shida yako."

"Huyu mtoto mkimchukua atalala wapi?"

"Pa kulala papo."

"Nani atampikia?" Akang'ata tena. "Na akivunjika mguu, nani atamleta nyumbani? Mtamleta wenyewe, au mtampakia kwenye basi kama gunia?"

Watu wa kamati walianza kugeuka. Mzee Rajabu alikuwa anatazama chupa yake ya soda kama imeandikwa kitu. Crispin akainuka kwenye kigoda.

"Wewe ni nani hasa, mpaka uniulize?"

"Mimi mjomba wake."

Jamani! Neno lenyewe hilo! Wiki nzima Crispin alikuwa ameishi na neno hilo kama mchanga kwenye meno. Klipu zote, kiduku chote, njumu za rangi mbili, vyote vikamrudi kwa mpigo, na kwa kuwa mjomba wa Clinton alikuwa mwenyekiti, hatukaniki, basi zigo lote likamshukia huyu mwenye kandambili.

"Mjomba!" alipaza sauti. "Haya, wamefika! Mchezaji hajapiga hata krosi tatu, wajomba hao, wameota kama uyoga! Jana ulikuwa wapi? Alipokuwa anacheza kwa ajili ya mbuzi ulikuwa wapi? Kupe wakubwa nyie, mnanusa damu tu. Ondoka hapa na uchafu wako, baba mtu yupo, nazungumza na baba mtu. Nenda kauze muwa!"

Kamati ikacheka, Aidan zaidi ya wote. Yule mtu aliinama akaokota makapi yake moja moja, akayatia mfukoni, akavuka uwanja kwa nyuma ya goli, akaenda kukaa chini upande wa pili peke yake.

Kipindi cha pili Majidi hakuwa yule. Alipewa mpira akaurudisha nyuma. Alipewa tena, akaurudisha tena. Hakugeuza shingo, hakutoka nje ya mstari. Crispin alijiambia kijana amechoka, amelala vibaya kwa ndugu, baridi ya Songea hajaizoea. Kila sababu aliifikiria. Kwamba kijana alikuwa na macho, na kwamba kutoka katikati ya uwanja mtu huona vizuri sana nani anafukuzwa pembeni, hilo Jicho hakuliona.

Lakini kipindi cha kwanza kilitosha. Hata Aidan alikiri kwa kununa kwamba Ijumaa wamlete wamsajili. Crispin akamshika mkono Mzee Rajabu.

"Umekubali, mzee?"

"Mimi baba yake nimekubali," alisema Mzee Rajabu, na akatazama upande wa pili wa uwanja, ambako sasa hakukuwa na mtu.

Siku iliyofuata Crispin alikwenda Mshangano mwenyewe, mapema, kashika mkate. Wenyeji wakamwambia wageni wameondoka na basi la alfajiri. Akapiga simu. Mzee Rajabu alipokea, nyuma yake mngurumo wa basi.

"Samahani sana, fundi. Mwenyewe amesema hapana."

"Mwenyewe nani? Majidi?"

"Mwenyewe," alisema Mzee Rajabu kwa aibu, na mtandao ukakatika, au akaukata.

Crispin alirudi Msamala akitukana njia nzima. Alitukana wazee vigeugeu, alitukana mawakala, alitukana timu nyingine ambayo bila shaka imemwiba. Alipita kwa Mwamvua, jirani yake anayeuza vitumbua, mwanamke wa Tunduru aliyeolewa huku zamani, akamwaga yote mbele ya kikaango chake. Mwamvua alisikiliza huku anageuza vitumbua. Alipofika kwenye makapi ya muwa, mkono wake ukasimama.

"Ngoja kwanza. Huyo mtu alikwambia yeye ni nani?"

"Mjomba, nani tena! Si ndiyo wimbo wao wote?"

"Na ukamfukuza."

"Nilimfukuza, ndiyo. Mbele za watu."

"Astaghfirullah." Mwamvua aliepua kikaango. "Baba Leo, wewe si mtoto wa jana mjini hapa. Nakapanya ni Wayao. Kwetu sisi baba anazaa, tunamheshimu, anakula vizuri. Lakini mtoto ni wa upande wa mama. Mwenye neno ni mjomba, yeye ndiye mwenye mbumba, ndugu zake wote wa kike na watoto wao wako mikononi mwake. Mtoto haendi jando, haoi, hasafiri, mpaka mjomba aseme. Wewe umekwenda kununua nyumba kwa mpangaji, mwenye nyumba umemtukana."

Crispin akachuchumaa kando ya jiko. Kibaya zaidi, alikuwa anajua. Binti wa Mwamvua alipoolewa, yeye Crispin alikaa kwenye harusi ile njaa inamtoboa, pilau limeiva, shehe amefika, baba wa binti yupo, na shughuli haianzi mpaka kaka yake Mwamvua ashuke kwenye basi la Tunduru. Alinung'unika siku ile mpaka Epifania akamkanyaga mguu. Alijua vizuri kabisa. Hasira ndiyo iliyomfuta akili.

"Utanifanyia nini sasa?" alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi nikufanyie nini? Kapande basi."

Akapanda. Ijumaa saa sita mchana alishushwa Nakapanya, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, mfuko mkononi una sukari na kanga ya mama yake Majidi. Akaelekezwa mashambani. Alimkuta mjomba, ambaye jina lake ni Ausi, katikati ya mikorosho, bomba la kupulizia mgongoni, salfa imempaka njano kuanzia nywele mpaka kandambili, zilezile za rangi mbili. Majidi alikuwa mti wa pili. Kijana alimwona, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mzee," na kuendelea kupulizia.

Ausi hakumgombeza. Hiyo ndiyo iliyomuuma Crispin. Alizima bomba, akamkaribisha nyumbani, dada yake akapika ugali na kisamvu cha karanga, Mzee Rajabu akatoka kusalimia, kisha akarudi ndani haraka kama mtu aliyekumbuka kitu. Crispin alinawa, akala, kisamvu kitamu lakini hakishuki. Akaomba radhi. Aliomba vibaya, kwa kuwa hakuwa na mazoezi. Alisema jua, alisema presha ya dirisha la usajili, alisema hakujua.

"Nimekusamehe," alisema Ausi.

"Basi nipe kijana. Leo hii tunarudi naye, kesho dirisha linafungwa. Nitamlaza kwangu, mke wangu atampikia. Akiumia nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni hapa. Maswali yako yote nakujibu."

"Hayo ungenijibu Jumatano." Ausi alijipangusa salfa kwenye nyusi. "Fundi, nikwambie. Kule Songea sikuja kumtazama Majidi. Majidi namjua, jandoni nilimpeleka mimi. Nilikuja kukutazama wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Niliuliza watu Mshangano huyu mzee ni wa namna gani. Wakaniambia ana utaratibu wake, hamtazami mtu akiwa na mpira, anamtazama akiwa hana. Nikasema utaratibu mzuri huo, na mimi nitamtazama hivyohivyo. Kabla sijakufikia nilikaa nyuma nikakuona na shemeji yangu. Kiti, soda, unacheka. Mtu mwema sana. Huo ndio ulikuwa mpira wako. Halafu nikaja na muwa wangu na kandambili zangu. Pale hukuwa na mpira."

Mtu huyu bado alikuwa anamchefua Crispin, na salfa yake, na jezi yake ya kwapa wazi, na utulivu wake.

"Sikujua wewe ni nani," alisema tena.

"Ndiyo," alisema Ausi. "Nilitaka usijue."

"Lakini umesema umenisamehe!"

"Nimekusamehe kweli, wallahi. Kusamehe ni jambo moja, kukukabidhi mtoto wa dada yangu ni jingine. Mahali mimi natukanwa hivyo kwa kuuliza atalala wapi, yeye siku akikosa goli ataambiwa nini?"

Majidi alimsindikiza mpaka barabarani, amembebea mfuko ambao dada mtu aliurudisha umejaa korosho. Walisimama wakisubiri basi.

"Wewe mwenyewe unataka kucheza?" Crispin aliuliza.

"Nataka, mzee. Nataka sana."

"Basi mwambie mjomba wako."

Kijana akatazama nyuma ya bega lake, vilevile kama uwanjani, kuelekea mikorosho. "Mjomba amesema," alijibu. "Na mimi siku ile nilimwona anaokota makapi. Miguu ikakataa." Basi likaja. Majidi akampakilia mfuko, akamshikia mlango, akasubiri mpaka mzee akae ndipo akageuka kwenda zake. Crispin alimtazama kupitia dirisha, hana mpira, anatembea kando ya barabara, na alijua hatamwona tena mwingine kama huyo maisha yake yote.

Alifika nyumbani amevimba miguu. Epifania hakumtania. Jumamosi dirisha likafungwa.

Jumapili baada ya misa ukumbi ulijaa. Wanachama walikaa kwenye mabenchi aliyoyatengeneza Crispin mwenyewe, Aidan alisoma habari ndefu zisizo na maana, kisha akasema, "Sasa Jicho atutambulishie winga wetu." Clinton akainuka. Kwa heshima ya siku alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, na kiduku amekilaza kwa mafuta, lakini rangi ya chungwa ilikuwa palepale. Mate yalimjaa Crispin mdomoni. Alijiona yuko tayari kukataa, kusema mbele ya wote kwamba huyu si winga, huyu ni mpwa.

Akamtazama. Mpira haukuwapo, simu haikuwapo, rafiki wa kurekodi hakuwapo. Kijana alikuwa amesimama peke yake mbele za watu, anakunja na kukunjua vidole. Alikuwa anajua. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini kwamba yeye si winga, na alikuwa anasubiri kufukuzwa.

Crispin akanyoosha mkono. Wa Clinton ulikuwa laini, umelowa jasho, na haukuwa na upele.

"Huyu," alisema. Kesho asubuhi wataanza kumiminika bandani, na atawasikiliza mmoja mmoja akiwa ameshika rula. "Huyu nimemwona."

Wakapiga makofi. Clinton aliinama karibu na sikio lake, hakuuachia mkono.

"Asante sana, anko," alinong'ona.

Crispin Mbawala alimeza mate.